Faili na Lebo Yake: Jinsi Mifumo Endeshi ya Kompyuta Inavyotunza Taarifa za Ziada

Mtu aingiapo katika masjala ya ofisi ya serikali huyaona majalada yamepangwa rafuni kwa namba. Kila jalada lina mambo mawili yasiyofanana. Ndani zimo barua, zimefungwa kwa uzi na kufuatana kwa tarehe. Nje, juu ya gamba, yapo maneno machache: namba ya jalada, somo lake, tarehe lilipofunguliwa, maofisa waliopelekewa, na pengine mhuri wa SIRI. Maneno hayo ya nje si barua, wala hayakuandikwa na wale walioandika barua. Hata hivyo, pasipo hayo karani hawezi kujua jalada ni la kazi gani, litunzwe wapi, wala ni nani aruhusiwe kulisoma.

Gamba likichakaa, karani huzihamishia barua zote katika gamba jipya. Akisahau kupiga mhuri wa SIRI juu ya gamba hilo jipya, hakuna barua itakayopotea na hakuna neno litakalobadilika; lakini kesho yake jalada litapita mikononi mwa watu ambao halikukusudiwa kwao. Kosa hilo ni baya hasa kwa sababu halijionyeshi. Mwenye kulifungua jalada atazikuta barua zimetimia, naye atadhani kuwa kila kitu ni salama.

Kompyuta nayo ina mafaili, na mafaili hayo pia yana ndani na nje. Makala haya yanaeleza namna mifumo endeshi mbalimbali ilivyojaribu kutunza maneno ya nje, yaani taarifa za ziada kuhusu faili, na kwa nini jambo hilo, ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo, limewasumbua mafundi kwa zaidi ya miaka 40.

Taarifa za kawaida

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kompyuta. Programu nyingine zitakapo kufungua faili, kulisoma au kuliandika, hazigusi diski zenyewe; hupeleka ombi kwa mfumo endeshi, nao hulitimiza au hulikataa. Jumla ya maombi ambayo mfumo unakubali kuyapokea, pamoja na masharti yake, ndiyo iitwayo kiolesura. Kiolesura ni mfano wa dirisha la masjala: aliyeko nje hupata tu kile ambacho dirisha limeruhusu kuombwa, kwa namna ambayo dirisha limeruhusu kiombwe.

Mfumo wa Unix, ulioanza kutungwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani, uliweka kanuni iliyofuatwa na wengi baadaye. Kanuni hiyo yasema kwamba faili ni mfuatano wa baiti tu. Mfumo haujui, wala hauulizi, kama baiti hizo ni barua, picha au hesabu. Kando ya baiti hizo mfumo huweka kumbukumbu fupi iitwayo inodi, ambamo zimo taarifa chache zilizopangwa tangu awali: ukubwa wa faili, mwenyewe, kundi lake, ruhusa za kusoma na kuandika, nyakati lilipoguswa, na mahali baiti zake zilipo katika diski. Jina la faili halimo katika inodi. Limo katika saraka, kama vile orodha ya majalada inavyokaa mbali na majalada yenyewe.

Mpango huo ni mwepesi na wa haraka, lakini ni kama fomu iliyokwisha kuchapwa: mwenye neno lisilo na nafasi katika fomu hana mahali pa kuliandika. Msomaji afikirie faili lenye tarakimu za mvua ya mwaka mzima. Inodi itaeleza kuwa faili lina baiti kadhaa na kwamba liliandikwa siku fulani. Haitaeleza kama tarakimu ni za milimita au za inchi, zilipimwa kwa chombo gani, wala kama zimekwisha kuhakikiwa.

Ubaya wa tarakimu kutengana na maelezo yake ulidhihirika mwezi Septemba 1999, wakati chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipopotea mara kilipofika katika sayari ya Mirihi. Programu moja ya ardhini iliandika katika faili vipimo vya msukumo wa injini kwa ratili-nguvu-sekunde, na programu iliyofuata ikavisoma kana kwamba ni newtoni-sekunde, kama makubaliano yalivyotaka. Nguvu ya msukumo ikahesabiwa kuwa pungufu takriban mara 4.45. Tarakimu zenyewe hazikuwa na kosa la hesabu; kilichokosewa ni neno moja linaloeleza tarakimu hizo ni za nini.

Mahali patatu pa kuweka maelezo

Maelezo kuhusu faili yaweza kuwekwa mahali patatu. Kwanza, ndani ya faili lenyewe, kama kamera za kisasa zifanyavyo zinapoandika saa na aina ya kamera mwanzoni mwa faili la picha. Njia hii ni imara, kwa kuwa maelezo husafiri pamoja na baiti nyingine. Lakini kila aina ya faili yapaswa kuwa na utaratibu wake, na faili la maandishi matupu halina nafasi hiyo. Pili, yaweza kuwekwa katika faili dogo la kando lenye jina linalofanana na lile kubwa. Njia hii haihitaji chochote kipya, ila mtu akilihamisha moja na kulisahau la pili, ndugu hao wawili hutengana. Tatu, mfumo endeshi wenyewe waweza kuyabeba maelezo, ukayafunga kwa faili kama lebo ifungwavyo kwenye gunia. Njia hii ya tatu ndiyo inayohitaji kiolesura kipya, na ndiyo inayohusika hapa.

Matawi mawili ya Macintosh

Kompyuta ya Macintosh, iliyotolewa na kampuni ya Apple mwezi Januari 1984, ililipa kila faili matawi mawili. Tawi la data lilikuwa mfuatano wa baiti wa kawaida. Tawi la rasilimali lilihifadhi vitu vilivyopangwa kwa aina na namba: vijipicha vya alama, menyu, maneno ya kumwonyesha mtumiaji, na hata maagizo yenyewe ya programu. Zaidi ya hayo, kila faili lilikuwa na herufi nne za kutaja aina yake na herufi nne za kutaja programu iliyoliumba. Kwa hiyo mtumiaji alipoligusa faili, kompyuta ilijua ni programu gani ifunguliwe, bila kutegemea jina la faili.

Ndani ya Macintosh mpango huo ulipendeza sana. Shida ilianza faili lilipotoka nje. Kompyuta za aina nyingine, na mitandao iliyoziunganisha, zilijua mfuatano mmoja tu wa baiti kwa kila faili. Zilipopokea faili la Macintosh zilichukua tawi la data na kuliacha lile la pili. Programu nyingi za Macintosh za wakati huo hazikuwa na chochote katika tawi la data. Maagizo yake yote yalikuwamo katika tawi la rasilimali. Kwa hiyo aliyepelekewa programu kwa njia hiyo alipokea faili lenye jina kamili na baiti sifuri.

Ilibidi mwaka 1985 ubuniwe utaratibu ulioitwa MacBinary, wa kuyafungasha matawi yote mawili pamoja na zile herufi katika mfuatano mmoja kabla ya safari na kuyafungua mwishoni. Baadaye ukaja utaratibu mwingine wa kuliweka tawi la pili katika faili la kando lenye jina linaloanza na nukta na mstari wa chini. Mafaili hayo ya kando bado huonekana hadi leo katika diski ndogo zilizopita katika kompyuta za Apple, na watu wengi huyafuta wakidhani ni takataka.

Mikondo ya Windows NT

Mwaka 1993 kampuni ya Microsoft ilitoa Windows NT, na ndani yake mpangilio mpya wa diski ulioitwa NTFS. Mojawapo ya madhumuni yake lilikuwa kuyahudumia mafaili ya Macintosh kupitia mtandao. Badala ya matawi mawili, NTFS iliruhusu mikondo mingi katika faili moja. Mkondo mkuu hauna jina. Mingine hutajwa kwa kuandika jina la faili, alama ya nukta mbili, kisha jina la mkondo.

Uzuri wa mpango huo ni kwamba haukuhitaji maombi mapya ya kusoma na kuandika. Programu hufungua mkondo kama ifunguavyo faili lolote, na mkondo waweza kuwa mkubwa kadiri itakiwavyo. Lakini dirisha lile lile lililofunguliwa kwa kuandika halikufunguliwa kwa kuangalia. Orodha ya kawaida ya mafaili ilionyesha ukubwa wa mkondo mkuu peke yake. Faili lililoonekana kuwa na baiti kumi liliweza kubeba mamilioni ya baiti katika mkondo wa pembeni. Mwaka 2000 ilionekana programu ya virusi iliyotumia mlango huo kuficha sehemu ya faili lililoambukizwa. Ni katika Windows Vista, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007, ndipo amri ya kuorodhesha mafaili ilipopewa uwezo wa kuionyesha mikondo hiyo.

Hata hivyo mikondo imeleta manufaa. Tangu mwaka 2004, Windows huweka mkondo mdogo juu ya kila faili lililopakuliwa kutoka intaneti, kueleza kuwa limetoka ugenini. Mtumiaji alifunguapo hupewa onyo. Lakini onyo hilo ni lebo, na lebo huweza kudondoka. Faili likipitia katika diski ndogo yenye mpangilio wa zamani wa FAT, ambao haujui mikondo, lebo huachwa njiani. Wahalifu nao waligundua kwamba faili lililofungashwa ndani ya nakala ya diski nzima, lilipofunguliwa, halikurithi lebo ya mfuko wake. Mlango huo uliachwa wazi hadi marekebisho ya Novemba 2022.

Jozi za jina na thamani

Mafundi wengine walichukua njia ya tatu. Walisema kwamba taarifa za ziada si faili la pili. Ni maneno mafupi tu. Basi kila faili lipewe orodha ya jozi, kila jozi ikiwa na jina na thamani. Mfumo wa OS/2 ulikuwa na jozi hizo tangu miaka ya 1980. BeOS, ya miaka ya 1990, iliendelea mbele zaidi: ilizipangia jozi faharasa, hata mtumiaji akaweza kuuliza diski impe mafaili yote ya barua zilizotoka kwa mtu fulani na ambazo hazijasomwa. Faharasa hizo zilikuwa na sharti moja la kukumbukwa: faili lililoandikwa kabla faharasa haijaundwa halikuingizwa humo lenyewe.

Kiini cha Linux kilipokea jozi hizo, chini ya jina la sifa za ziada, mwaka 2002. Kiolesura chake ni kifupi, nacho chafaa kuchunguzwa kwa makini. Kina maombi ya aina nne: kuweka sifa, kusoma sifa, kuorodhesha majina ya sifa, na kuondoa sifa. Hakuna ombi la kusoma nusu ya thamani au kuongeza baiti mwishoni. Thamani husomwa yote na huandikwa yote kwa mara moja. Kwa hiyo msomaji hawezi kamwe kukuta thamani iliyo nusu ya zamani na nusu mpya.

Programu isiyojua thamani ina ukubwa gani huuliza kwanza ukubwa, hutayarisha nafasi, kisha huomba thamani yenyewe. Kati ya maombi hayo mawili, programu nyingine yaweza kuwa imeiandika thamani ndefu zaidi. Hapo ombi la pili hukataliwa, na mwombaji hana budi kuanza upya. Vivyo hivyo, mwenye kuweka sifa aweza kusema aiweke ikiwa tu haipo, au aibadilishe ikiwa tu ipo. Bila masharti hayo, programu mbili zikiangalia kwa wakati mmoja kama nafasi iko wazi, zote mbili zingejibiwa kuwa iko wazi, na moja ingefuta kazi ya mwenzake pasipo kujua.

Ukubwa umewekewa mipaka. Jina lisizidi baiti 255, na thamani isizidi kilobaiti 64. Katika mpangilio wa diski wa ext4, kwa kawaida, sifa zote za faili moja hazina budi kutosha katika nafasi iliyobaki ndani ya inodi pamoja na bloku moja, aghalabu ya baiti 4,096. Kwa hiyo sifa ya ziada ni mahali pa neno au sentensi, si mahali pa kitabu.

Nani ana haki juu ya jina?

Jambo lililofikiriwa kwa makini zaidi katika Linux ni umiliki wa majina. Kila jina huanza na neno moja kati ya manne, ambalo ni kama rangi ya mhuri. Majina yaanzayo na «user» ni ya mtumiaji yeyote mwenye ruhusa ya kuliandika faili. Yaanzayo na «trusted» ni ya msimamizi mkuu peke yake. Yaanzayo na «security» ni ya mitambo ya usalama, na yaanzayo na «system» hutumiwa na kiini chenyewe, kwa mfano kuhifadhi orodha za ruhusa. Kama mgawanyo huo usingekuwapo, mtu angeweza kujigongea mwenyewe mhuri wa usalama.

Sharti moja huwashangaza wanafunzi: sifa za mtumiaji huwekwa juu ya mafaili ya kawaida na saraka tu, si juu ya mafaili ya vifaa. Sababu yake ni hii. Ruhusa ya faili la kifaa hueleza ni nani aweza kukitumia kifaa, wala haielezi ni nani aweza kutumia nafasi ya diski. Faili liitwalo /dev/null, ambalo hupokea na kutupa kila kinachoandikwa ndani yake, laweza kuandikwa na mtu yeyote. Lingeruhusiwa kubeba sifa za mtumiaji, kila mtu angeweza kujaza nafasi ya diski ambayo hakupewa. Mbunifu wa kiolesura asipoyafikiria mambo kama hayo siku ya kwanza, watu wengine watayagundua kwa niaba yake.

Saraka iliyofichwa ndani ya faili

Mwaka huo huo wa 2002, kampuni ya Sun ilitoa Solaris 9 ikiwa na jibu jingine. Humo kila faili laweza kuwa na saraka iliyofichwa, na kila sifa ni faili ndani ya saraka hiyo. Programu huifungua saraka kwa ombi maalumu, kisha husoma na kuandika kwa maombi yale yale ya kawaida. Sifa yaweza kuwa kubwa, yaweza kusomwa kidogo kidogo, na ina ruhusa zake yenyewe. Gharama yake ni kwamba kusoma neno moja fupi kwahitaji maombi kadhaa badala ya moja.

Kati ya mtindo wa Linux na ule wa Solaris hakuna ulio wa kipumbavu. Mmoja unafaa kwa vitu vidogo vinavyosomwa mara nyingi. Mwingine unafaa kwa vitu vikubwa visomwavyo kwa nadra. Taabu ni kwamba haukuwapo mwafaka. Kamati ya POSIX ilijaribu katika miaka ya 1990 kuweka kanuni moja ya orodha za ruhusa na lebo za usalama, lakini mwaka 1998 kazi hiyo iliachwa kabla haijakamilika, na kila mfumo ukashika njia yake. Itifaki ya NFS toleo la 4, ya kushirikiana mafaili mtandaoni, ilipochapishwa mwaka 2000 ilichukua sura ya saraka iliyofichwa. Jozi za watumiaji wa Linux hazikuwa na mahali ndani yake. Zilingoja hadi kanuni ya nyongeza ya mwaka 2017, na kiini cha Linux kiliitekeleza mwaka 2020, yaani miaka 18 baada ya jozi hizo kupokelewa katika kiini hicho.

Lebo safarini

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Mafaili hayakai mahali pamoja. Hunakiliwa, hufungashwa, hutumwa na kuhaririwa. Programu ya kunakili iliyoandikwa kwa kanuni ya zamani hufungua faili, husoma baiti zote, huziandika katika faili jipya, na kuripoti kuwa kazi imekwisha bila kosa. Nayo haisemi uongo: baiti zote zimefika. Programu nyingi za uhariri nazo huandika faili jipya kisha hulipa jina la lile la zamani. Sifa zilizokuwa juu ya lile la zamani hubaki nalo na hufutwa pamoja nalo, isipokuwa mhariri awe amefundishwa kuzihamisha.

Yapo mapotevu ya aina mbili. Aina ya kwanza hujitangaza. Tangu toleo la 2.6.24 la kiini cha Linux, la mwaka 2008, programu yaweza kupewa sehemu ndogo tu ya mamlaka ya msimamizi mkuu, nayo huandikwa katika sifa ya usalama juu ya faili la programu hiyo. Katika mifumo iliyotumia njia hii, programu ya ping, ipimayo kama kompyuta ya mbali inajibu, ilipewa mamlaka hayo madogo. Ilipofungashwa na tar bila sifa zake na kurudishwa, baiti zake zilikuwa kamili lakini ilikataa kufanya kazi. Programu ya tar ya GNU ilipata uwezo wa kubeba sifa katika toleo la 1.27 la mwaka 2013, na hata hapo ni lazima iagizwe. Mapotevu haya huudhi, lakini hayadhuru: mtu huona, huuliza, na hurekebisha.

Aina ya pili hunyamaza. Ichukuliwe kwamba Bibi Asha, mkuu wa idara, ana faili la mishahara. Kundi la wafanyakazi wa idara halina ruhusa yoyote juu yake. Bibi Asha anataka mhasibu, Bwana Juma, aweze kulisoma na kuliandika, basi anaongeza jina lake katika orodha ya ruhusa, ambayo katika Linux huhifadhiwa kama sifa ya ziada. Sasa katika inodi, penye nafasi ya ruhusa za kundi, hapaandikwi tena ruhusa za kundi. Panaandikwa kikomo cha juu cha ruhusa zote za ziada, yaani kusoma na kuandika. Ruhusa halisi ya kundi, ambayo ni sifuri, imehamia ndani ya ile orodha.

Wabunifu hawakufanya hivyo kwa uzembe. Programu za zamani zinazijua nafasi tatu tu: mwenyewe, kundi na wengine. Programu kama hiyo ikifuta ruhusa zote za kundi na za wengine, hutarajia kwamba abaki mwenyewe peke yake. Na kwa kuwa nafasi ya kundi ndiyo kikomo, Juma naye hufungiwa nje, kama ilivyotarajiwa. Faili likikaa mahali pake, mpango huo ni salama.

Lakini faili likisafiri, mambo hugeuka. Programu isiyoijua orodha hunakili baiti, husoma inodi, hukuta penye nafasi ya kundi pameandikwa kusoma na kuandika, nayo huyanakili hayo kwa uaminifu. Katika nakala hakuna orodha tena. Juma, aliyekusudiwa, amefungiwa nje. Kundi zima, lililokatazwa, laweza kusoma mishahara na kuibadilisha. Hakuna kosa lililoripotiwa na hakuna baiti iliyopotea. Lebo ilipodondoka, haikuufunga mlango, iliufungua.

Mfano huo walinganishwa na SELinux, mtambo wa usalama uliopokelewa katika kiini cha Linux mwaka 2003. Nao huweka lebo juu ya kila faili katika sifa ya ziada. Faili lisilo na lebo huhesabiwa kuwa halijulikani, na programu zilizowekewa mipaka kwa kawaida hukataliwa kuligusa. Lebo ikidondoka, mlango hujifunga. Mifumo yote miwili hutegemea sifa zile zile na diski ile ile. Tofauti ni kwamba mmoja uliulizwa mapema swali la siku lebo itakapokosekana, na mwingine haukuulizwa.

Mafunzo

Kutokana na historia hii yapatikana mafunzo yafaayo kwa mbunifu wa mfumo na kwa mtumiaji pia. Kiolesura cha taarifa za ziada hakipimwi kwa wingi wa vitu kinavyoruhusu kufungwa juu ya faili. Hupimwa kwa yale yatokeayo faili linapopita mikononi mwa programu isiyojua kuwa vitu hivyo vipo. Kile kinachoweza kuandikwa sharti kiweze pia kuonekana na kuorodheshwa, la sivyo huwa maficho. Majina sharti yawe na wenyewe. Na palipo na usalama, kukosekana kwa lebo sharti kuwe na maana iliyokwisha kuamuliwa, na maana hiyo iwe kukataa.

Mtumiaji naye ana kipimo chake. Taarifa ambayo ikipotea maana ya faili hupotea nayo, kama vile kipimo cha tarakimu za mvua, na iandikwe ndani ya faili lenyewe, hata kama itachukua mstari mmoja wa juu. Sifa za ziada zibaki kwa mambo yawezayo kutengenezwa upya, au yenye maana katika kompyuta hiyo tu. Lebo za usalama peke yake haziwezi kukaa ndani, kwa sababu mwenye kuandika barua hapaswi kuwa ndiye agongaye mhuri. Ndiyo sababu hizo zahitaji uangalizi kuliko nyingine zote kila faili linaponakiliwa.

Maswali ya kujipima

1. Faili la picha lina saa iliyoandikwa ndani yake na jina la mpiga picha katika sifa ya ziada. Likipitia katika diski yenye mpangilio wa FAT, ni taarifa ipi itakayofika, na kwa nini?

2. Eleza kwa nini thamani inayosomwa na kuandikwa yote kwa mara moja ni salama kuliko ile iwezayo kuandikwa kidogo kidogo. Ni kazi gani isiyowezekana kwa sababu hiyo?

3. Katika mfano wa faili la mishahara, ingekuwaje kama programu ya kunakili isingenakili ruhusa kutoka katika inodi, bali ingempa mwenyewe peke yake ruhusa ya kulisoma na kuliandika faili jipya? Ni nani angefaidika, na ni nani angelalamika?